Maji hayafai hata kwa chai, kwa injini yanafaaje?

Najua nimeadimika. Wiki mbili hakuna hata mstari hapa kijiweni, na wawili watatu wameshaniuliza kama gazeti limenihamishia mkoani. Sijahamishwa. Nilikuwa nauguza. Mgonjwa ni gari, ila anayelia ni mtu.

Leo siandiki siasa. Naandika kuhusu maji tunayomimina kwenye rejeta. Wewe unayesema hayo ni mambo ya mafundi, nakuomba uvumilie kidogo, maana kama huna gari unapanda daladala, na kama hupandi daladala basi mwanao anapanda gari la shule.

Mama mdogo wangu amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu. Alipostaafu, kiinua mgongo chake alikigawa mara mbili: sehemu moja ikamalizia nyumba, sehemu nyingine ikanunua Noah, ile ya zamani yenye injini ya 3S, abebe wanafunzi asubuhi na jioni. Mahesabu yake yalikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: mafuta kiasi gani, dereva kiasi gani, akiba ya matairi kiasi gani. Alifikiria kila kitu. Maji ya rejeta hakuyaandika. Nani anaandika maji?

Siku gari lilipotoka bandarini tulilipeleka gereji likaguliwe. Mimi ndiye niliyempeleka. Fundi akafungua koki ya chini ya rejeta, maji mekundu yakaanza kumwagika kwenye mchanga. Mama mdogo akashtuka: "Mwanangu, mbona unamwaga?" Fundi akajibu bila hata kuinua kichwa: "Mama, hii ni ya Wajapani, ya kuzuia barafu. Hapa Dar barafu iko wapi, labda kwenye friji la soda." Tukacheka. Mama mdogo akacheka, dereva akacheka, na mimi mwenye digrii yangu nikacheka kuliko wote. Likaletwa dumu la maji ya kisima, rejeta ikajazwa, tukalipa, tukaondoka.

Kwa taarifa yenu, maji ya kisima kile yana chumvi. Mtaa mzima unajua. Hakuna anayeyapikia chai. Sabuni haitoi povu. Birika likichemshiwa maji hayo wiki moja tu linaota ukoko mweupe ndani. Lakini kwa injini iliyonunuliwa kwa jasho la miaka thelathini tukaona yanatosha. Maji si maji tu?

Mwaka mmoja na miezi minne baadaye, Noah ikachemsha kwenye foleni, watoto wamo ndani. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Dereva aliwashusha pembeni ya barabara wakasubiri gari jingine, na wazazi wakapiga simu kama mvua. Ikatengenezwa. Ikachemsha tena. Ikabadilishwa gasketi ya hedi. Ikachemsha tena. Sasa ipo chini ya mwembe, na mama mdogo anarudishia wazazi ada ya usafiri kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni yake.

Safari hii tulimwita fundi mwingine, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliifungua hedi akanionyesha. Hedi ile ni ya alumini, na kuzunguka matundu ya maji ilikuwa imelika kama jino bovu. Gasketi ingekaza wapi? Halafu akachukua rejeta, akaikata kwa msumeno, akaniambia, "Wewe si mwandishi? Njoo usome."

Nikasoma. Ndani ya rejeta kuna mirija mingi bapa, membamba, imepangwa kama kurasa za kitabu. Nafasi ya maji kupita ndani ya kila mrija ni milimita chache tu, na ukuta wake haufiki hata nusu milimita. Umetengenezwa mwembamba makusudi, ili joto la maji litoke haraka kwenda kwenye hewa. Ile mirija ya Noah yetu, mingine ilikuwa imeziba kabisa kwa tope la rangi ya kahawia, na mingine ilikuwa na vitundu kama vya sindano. Tope lile ni kutu ya chuma cha injini, imechanganyika na ukoko wa chumvi ya kisima.

Nikamuuliza mzee swali la kijinga ambalo nadhani hata wewe ungeuliza. Kama shida ni kutu, kwa nini wenye viwanda wasipake rangi huko ndani, kama tunavyopaka geti la nyumba? Akanitazama akasema: "Brashi utaipitisha wapi?"

Wadau, hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Geti unalipaka rangi. Bodi ya gari unaipaka rangi. Lakini mrija wenye upenyo wa milimita chache, uliojikunja ndani ya injini ambako jicho halifiki, huwezi kuupaka. Na hata ungeweza, rangi nene ingezuia joto lisitoke, ukawa umemtibu mgonjwa kwa kumziba pua. Kwa hiyo wahandisi walitafuta njia nyingine: kinga ya ndani inasafirishwa na maji yenyewe. Yale maji mekundu tuliyomwaga kwenye mchanga huku tukicheka ndiyo yaliyokuwa rangi ya geti letu.

Sasa tuzungumze vizuri, maana uongo huu wa "kulanti ni ya nchi za baridi" umeua magari mengi kuliko mashimo ya barabarani.

Kulanti ina vitu vitatu. Kuna maji. Kuna glikoli, ambayo kweli kazi yake moja ni kuzuia maji yasigande, na kazi yake nyingine ni kuyafanya yachelewe kuchemka. Halafu kuna kundi la tatu, kidogo kwa kipimo lakini ndilo roho ya jambo: dawa za kuzuia kutu. Fundi anayesema ni ya barafu amesoma neno moja kwenye kopo akaacha mengine yote.

Na hata hilo neno moja amelisoma nusu. Pale Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria iliyo wazi hayasubiri nyuzi 100 yachemke. Yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta wenye springi nzima unasaidia kwa kuongeza shinikizo, na glikoli inaongeza nafasi zaidi. Mfuniko wako umechoka, ndani una maji matupu, halafu unapanda mlima na mzigo. Utamlaumu mchawi?

Turudi kwenye kutu. Injini kama ile 3S ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Ongeza rejeta, ongeza vipande vya shaba hapa na pale. Madini tofauti yote hayo yanaoga kwenye maji mamoja. Mliosoma fizikia sekondari mtakumbuka kilichofanya betri ikaitwa betri: madini mawili tofauti na maji yenye chumvi katikati. Ukijaza maji ya kisima umejitengenezea betri kubwa ndani ya injini, na kama betri yoyote, madini moja linaliwa ili jingine lipone. Hapo anayeliwa ni alumini.

Alumini kwa kawaida inajilinda. Ina utando wake mwembamba wa oksaidi unaoifunika. Lakini chumvi, hasa kloridi, ile ile iliyo kwenye chumvi ya mezani, inatoboa utando huo sehemu ndogo ndogo, na ikishatoboa inachimba kwenda chini. Haili ukuta wote sawasawa. Inachimba vitundu. Na ukuta wenyewe, kama nilivyosema, haufiki nusu milimita. Kitundu kimoja kinatosha.

Dawa za kulanti zinafanya nini? Zinatandaza utando mwembamba usioonekana juu ya kuta za ndani, na kila madini lina dawa yake. Nyingine ni silikati, ambazo hufunika alumini haraka. Nyingine ni fosfeti. Nyingine ni asidi za asili ya ogani, ambazo hukimbilia pale kutu inapotaka kuanza, na hizi hudumu zaidi. Shaba nayo ina dawa zake, zinaitwa triazoli. Tena kuna dawa za kutuliza ukali, kwa sababu glikoli ikikaa kwenye joto miaka mingi nayo huanza kugeuka asidi.

Ndiyo maana kulanti ina umri. Si kwamba ikiingia imeingia mpaka kiama. Dawa zinatumika, zinakwisha. Ile nyekundu ya zamani ya Wajapani ilikusudiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Toyota walipoleta ile ya waridi ya muda mrefu, wakasema ya kiwandani ibadilishwe kilomita 160,000 zikifika, halafu kila kilomita 80,000. Si milele. Rangi inaweza kubaki nzuri kabisa wakati dawa imeshakwisha, kwa sababu rangi ni rangi tu, ya kukuonyesha aina na kukuonyesha panapovuja.

Na hapo nawageukia wale ndugu zetu wanaouza maji ya rangi. Mnajijua. Chupa haina lebo inayoeleweka, haisemi ina nini, haisemi ichanganywe na maji kiasi gani, haisemi imetengenezwa wapi wala na nani. Kijani kama sharubati. Mteja maskini amesikia ushauri, amejinyima, ameacha kununua kitoweo ili anunue kulanti, halafu anauziwa maji ya bomba yenye rangi. Huo ni wizi, na ni mbaya kuliko wa simu, kwa sababu mwizi wa simu angalau unajua ameiba siku ile ile.

Najua mtakachosema. Mimi ni mwandishi, nimezoea kupigiwa simu za hasira. Tujibizane.

Wa kwanza atasema: "Babu zetu waliendesha Bedford na Land Rover kwa maji ya mtoni." Kweli. Lakini magari mengi ya enzi hizo yalikuwa na chuma kingi na kizito, na rejeta za shaba nene ambazo fundi aliweza kuzifungua, kuzichokonoa na kuzichomelea tena. Leo rejeta ni ya alumini nyembamba yenye vichwa vya plastiki. Ikioza hiyo, tupa. Huwezi kumlisha mtoto mchanga makande kwa sababu babu yake aliyala.

Wa pili atasema: "Mimi natumia maji mwaka wa nne, mbona linatembea?" Ndugu yangu, hata nyumba inayoliwa na mchwa inasimama, mpaka siku uegemee mlango. Kutu ya ndani haipigi honi. Fungua mfuniko asubuhi gari likiwa limepoa kabisa (narudia, limepoa kabisa, maana maji ya moto yenye shinikizo yatakubabua uso) uone rangi ya maji. Yakiwa kama chai ya rangi, basi hiyo chai ni injini yako inayeyuka kidogo kidogo.

Wa tatu, na huyu namheshimu, atasema: "Kulanti ghali." Sawa, tupige hesabu kama mama mdogo. Gari kama lile Noah linahitaji lita kama nane hivi za mchanganyiko, nusu kulanti nzito na nusu maji safi, kwa miaka miwili au zaidi. Pesa hiyo haifikii ya kujaza tenki la petroli mara moja. Linganisha na rejeta, gasketi, kusawazisha hedi, fundi, na siku ambazo gari halikuleta hesabu. Sisi mama mdogo wangu ametumia mara tatu ya hayo yote, na gari bado liko chini ya mwembe. Ghali ni nini hapo?

Na kama kweli huna pesa ya kulanti leo, basi angalau usijaze maji ya chumvi. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. (Soma chupa vizuri, nimesema MAJI ya betri, usije ukamimina asidi ya betri halafu ukanitaja jina.) Hayo hayana dawa, kwa hiyo hayatakulinda muda mrefu, ila hayakuletei chumvi. Ni ya kukufikisha mwisho wa mwezi, siyo mwisho wa mwaka.

Sasa, nisije nikaonekana nawasema mafundi wa chini ya mwembe tu kana kwamba ujinga huu ni wa maskini. Hapana. Hebu twende Marekani kidogo, kwa wenye vyuo na maabara.

Kuna mji unaitwa Flint, jimbo la Michigan, uliokuwa na watu kama laki moja mwaka 2014. Ndiko kampuni ya magari ya General Motors ilikozaliwa, mwaka 1908. Aprili 2014, ili kubana matumizi, mji ule uliacha kununua maji kutoka Detroit ukaanza kutumia maji ya mto wa Flint. Maji ya mto yalikuwa na kloridi nyingi zaidi. Na wenye mamlaka hawakuweka dawa ya kuzuia kutu kwenye maji hayo. Mabomba mengi ya zamani yanayoingia majumbani yalikuwa ya risasi, yakilindwa ndani na utando uliojengwa miaka mingi na dawa iliyokuwa kwenye maji ya Detroit. Dawa ikakosekana, utando ukabomoka, na risasi ikaingia kwenye maji wanayokunywa watoto.

Wananchi walilalamika. Wakaonyesha chupa za maji ya kahawia. Wakaambiwa maji ni salama. Lakini Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors pale pale Flint kilisema maji yale yanaozesha vipuri vyake, na kikaruhusiwa kuhamia maji mengine. Watu wa kawaida walisubiri mpaka Oktoba 2015 ndipo mji uliporudi kwenye maji ya Detroit. Mwaka mzima! Chuma kilisikilizwa kabla ya watoto.

Kwa nini nimewapeleka huko? Kwa sababu kosa ni lile lile. Mtu ameangalia kitu kisichoonekana, kilicho ndani ya bomba, akasema hiki hakina kazi, tupunguze gharama. Na anayelipa si yeye aliyepunguza. Kule walilipa watoto, na huku kwetu analipa mwalimu mstaafu.

Basi nina maombi, tena si ya upole.

Mafundi wetu, ninyi mna akili na mikono kuliko sisi wa kalamu, sibishi. Lakini acheni kumwaga msichokijua. Kama kulanti imechoka, imwageni, oshe ndani kwa maji safi, weka nyingine ya aina ambayo kitabu cha gari kinasema, na msichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi. Na ile tabia ya kutoa thamostati gari likichemsha, eti maji yapite vizuri, iacheni. Kama mirija imeziba, kutoa thamostati ni kumvua mgonjwa saa ya mkononi ili apone homa.

Mkimwaga, msimwage kwenye mchanga wala mtaroni. Glikoli ni sumu, na ina utamu. Mtoto au mbwa akionja anaweza kufa. Na msiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa. Siku ile kwetu mchanga uliinywa, na kuku walikuwa wanapita. Sikuwaza.

Wenye magari, jambo moja tu: siku mnaponunua gari, kwenye daftari lenu la mahesabu ongezeni mstari mmoja. Andikeni "kulanti" na tarehe. Mafuta ya injini mnabandika karatasi kwenye kioo yabadilishwe lini. Kulanti imekosa nini?

Na sisi waandishi, kidole kinatugeukia wenyewe. Daladala ikipinduka tunakimbia na kamera. Gari likifa kimya kimya uani kwa mjane au mstaafu, hilo halina kichwa cha habari. Nilipompelekea mhariri wangu wazo la habari hii aliniuliza, "Nani amekufa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi si habari." Ndiyo maana mnaisoma hapa na si ukurasa wa tatu.

Jana jioni nilipita kwa mama mdogo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amekaa kibarazani na lile daftari, amechora mstari mpya chini ya matairi, ameandika neno "kulanti" kwa mwandiko wa ubaoni, akaniuliza kama herufi zimekaa sawa. Nikamwambia zimekaa sawa, mama. Akasema, "Basi tukipata gari jingine, utakuja wewe kumsimamia fundi. Na safari hiyo usicheke."

Sitacheka.

Naomba kuwasilisha. Uwanja ni wenu, mnaobisha karibuni, lakini kwanza nendeni mkafungue mfuniko. Likiwa limepoa!